Nyika Ikinyeshewa, Usikawie

Mvua za kwanza zikishuka, wapenda matembezi wengi huweka viatu kabatini na kungoja Januari. Wanaogopa tope na kulowa, tena wamezoea kuambiwa kwamba nyika ni mahali pa kwenda kiangazi, nyasi zikiwa fupi na wanyama wamekusanyika penye maji. Kwa anayetaka kuona tembo, ushauri huo ni sahihi. Anayetaka maua atakosa karibu kila kitu, kwa sababu nchi kavu huchanua kwa pupa na kwa muda mfupi, na sehemu kubwa ya shughuli hiyo hufanyika katika wiki chache za mwanzo, kabla nyasi hazijainuka na kuyafunika.

Nchi ninayoizungumzia hasa ni ile ya kusini mwa Bonde la Ufa, upande wa Kenya, unaposhuka kutoka Kiserian kwa barabara ya Magadi. Vilima vya Ngong, vyenye kilele cha karibu mita 2,460, hunasa mawingu yatokayo upande wa bahari. Ukiuvuka mgongo wake na kuanza kuteremka, kila kona inakupunguzia mvua na kukuongezea joto, mpaka ufike Olorgesailie ambako wenye nchi ni migunga na vichaka vya miiba. Mkomazi nchini Tanzania ni hivyo hivyo: milima ya Pare na Usambara inaposhiba mvua, hifadhi iliyo nyuma yake hubakia na makombo. Tsavo na Ukambani nazo ni za ukoo huo. Kwa hiyo ninayoyasema hapa yatafaa kokote huko, ila usichukue kalenda ya mahali pamoja ukaipeleka pengine. Ukambani na Tsavo, mvua ambazo mkulima huziamini zaidi ni za vuli, kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi Desemba. Barabara ya Magadi utaangalia vuli na masika pia. Dodoma na Singida kuna msimu mmoja tu, nao kwa kawaida hushika kasi Desemba.

Hata ndani ya msimu, usiifunge tarehe mapema. Hapa ndipo safari nyingi huharibika: kundi linakubaliana mwezi mzima kabla, linakodi gari, linafika na kukuta vumbi, au linachelewa na kukuta nyasi za kiunoni. Afadhali mkubaliane juu ya wiki mbili au tatu, kila mtu aziache Jumamosi zake wazi, kisha muulizie mvua. Utabiri wa hali ya hewa utakuambia juu ya kaunti au mkoa. Hautakuambia juu ya kilima kimoja, na mvua ya nyika hunyesha upande huu wa barabara ikaacha ule. Unayemhitaji ni mtu aliyeko huko: mwenye duka, dereva wa matatu, mlinzi wa hifadhi, kijana aliyekuongoza safari iliyopita. Hifadhi namba yake. Na ukimpigia, usimwulize tu kama mvua imenyesha, kwa sababu atakujibu ndiyo hata kwa manyunyu. Mwulize kama korongo limepita maji, kama silanga au bwawa la mifugo limeanza kujaa, kama ng'ombe wamerudi kutoka malisho ya mbali. Majibu hayo hayadanganyi.

Manyunyu hayatoshi kwa sababu ya namna mimea hii ilivyojifunza kuishi. Mbegu za mimea mingi ya nchi kavu zina kemikali zinazozuia kuota, na kemikali hizo hazitoki mpaka mvua ya kutosha izioshe. Mbegu ikidanganywa na mvua ya robo saa, ikachipua, jua la kesho litaiua. Mimea ya vitunguu haina haja ya kungoja hivyo. Chakula na maji vimeshawekwa ardhini tangu msimu uliopita, na ua lenyewe huwa limeumbwa tayari. Ndiyo maana maua hayatoki yote pamoja. Yanakuja kwa zamu, na ukiijua zamu utajua unakwenda kutazama nini.

Wa kwanza hata hawangoji mvua. Kikwata, kile kichaka cha miiba iliyopinda ambacho Wamaasai hukiita oiti, huvaa maua meupe yanukiayo kwenye matawi yasiyo na jani hata moja, mvua zikiwa bado ni mawingu tu. Nyuki husikika kabla hujauona mti. Ukikuta vikwata vimechanua na hewa imekuwa nzito, anza kupiga simu zako.

Siku chache baada ya mvua kubwa ya kwanza ni zamu ya vitunguu, na kwangu mimi hii ndiyo wiki ya kuipigania. Ardhi bado ni nyekundu na tupu, jani halijaonekana, na katikati ya utupu huo limesimama shina moja lenye mpira mwekundu wa maua madogo yasiyohesabika kwa haraka. Wataalamu huliita Scadoxus multiflorus. Litafute chini ya vichaka na kando ya vichuguu, penye kivuli kidogo. Mwenzake, Ammocharis tinneana, hupenda penye wazi: maua ya rangi ya waridi yaliyojaa kwenye shina fupi karibu na ardhi, majani yake yamepinda na kulala juu ya udongo. Yupo pia Pancratium, mweupe, ambaye hufunguka usiku na kuanza kulegea jua likipanda, kwa hiyo huonwa na aliyelala huko huko au aliyefika alfajiri. Vitunguu vya hawa wote vina sumu. Usionje, na usimruhusu mtoto achimbe.

Wiki hiyo hiyo, ukifika penye mwamba ulio na udongo mwembamba juu yake, piga magoti. Kuna mmea mdogo uitwao Craterostigma ambao kiangazi kizima hulala umekunjamana, majani makavu ya kuvunjika ukiyagusa, ungedhani umekufa zamani. Ukinyeshewa, majani hayo hayo hujaa maji na kurudia ukijani kwa muda wa siku moja hivi, kisha hutoa maua ya zambarau na nyeupe, madogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Mimea inayoweza kukauka kiasi hicho na kurudi hai ni michache duniani, na wanasayansi wa mazao wanaichunguza kwa sababu hiyo. Wapandaji mlima waendao kasi huikanyaga kila siku.

Kuanzia wiki ya pili au ya tatu, nchi inabadilika rangi. Kongwe hutanda kwa buluu yake. Ndilo lile gugu ambalo Wakikuyu huliita mukengeria na ambalo mkulima akiling'oa na kulitupa pembeni ya shamba huota tena hapo lilipoangukia. Nyikani halina adui, na ni zuri. Katikati ya majani mafupi utaona vishada vya Pentanisia, buluu ya anga iliyopauka kidogo. Penye udongo mweusi ule unaopasuka kiangazi, Cycnium hutandaza maua meupe mapana ambayo kwa mbali utadhani ni karatasi zilizopeperushwa na upepo kutoka sokoni. Mmea huo, pamoja na urembo wake, ni mdoezi: mizizi yake hujishikiza kwenye mizizi ya nyasi na kunyonya. Na mbigili huotesha zulia la manjano ambalo kila mtu hulipiga picha bila kujua kwamba baada ya muda mfupi litakuwa zulia la miiba. Wenye baiskeli, mjihadhari.

Maua mengi ya zamu hii ni ya asubuhi. Kongwe hujifunga kabla ya adhuhuri au muda mfupi baadaye, na maua ya marando pori, yale yenye umbo la tarumbeta, hunyauka jua likishika. Anayeondoka Nairobi saa tatu kwa starehe, akasimama Kiserian kula nyama choma, atafika maua yamekwisha kufunga duka. Toka saa kumi na moja alfajiri, uwe unatembea saa moja. Faida nyingine ya kuwahi ni kwamba mvua za msimu huu hupenda kuanguka alasiri, baada ya joto la mchana kuinua mawingu, na ifikapo saa nane unataka uwe umekwisha kurudi penye gari.

Sasa juu ya kutembea kwenyewe. Punguza masafa. Mtu aliyezoea kuzunguka kreta ya Longonot kwa asubuhi moja ataona aibu kusikia kwamba kilomita nne au tano zinatosha siku nzima, lakini maua haya hayaonekani kwa mwendo wa mashindano, na tope litakula nguvu yako mara mbili. Udongo mweusi ukilowa hung'ang'ania kiatu, kila hatua inaongeza tabaka, mpaka unainua mguu wenye uzito wa tofali. Chagua njia ya mawe na changarawe, pitia miinuko, na udongo mweusi uutazame kutoka pembeni. Watu wanne au watano ni kundi la kutosha. Makundi ya siku hizi ya watu arobaini na spika begani yana raha yake, siyapingi, ila hii si shughuli yao: watu arobaini hukanyaga mahali pamoja mara arobaini, na ardhi iliyolowa haisahau upesi.

Jambo ambalo sitalipitia juu juu ni makorongo. Maji ya korongo hayatoki juu ya kichwa chako. Unaweza kuwa umesimama juani, mchanga mkavu chini ya viatu, huku mvua iliyonyesha saa nzima iliyopita kwenye vilima ambavyo huvioni ikiwa njiani kukujia. Ardhi ya nyika, baada ya kiangazi kirefu, ni ngumu na hainywi haraka. Maji huteleza juu yake na kukusanyika. Hell's Gate, hifadhi iliyo karibu na Naivasha ambako mgeni anaruhusiwa kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli, ina korongo jembamba lenye kuta ndefu ambalo limewavutia watu wengi. Aprili 2012 na tena Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliua watu ndani yake. Waliingia kama mimi na wewe tungeingia, kutazama mahali pazuri.

Kwa hiyo wakati wa mvua usiingie kwenye korongo lenye kuta zisizopandika, hata mwongozaji akikuhakikishia. Makorongo mapana ya mchanga unaweza kuyavuka, lakini uvuke, usikae. Usile chakula humo ingawa ndiko kwenye kivuli, na usipige hema. Tazama upande maji yanakotoka, siyo unakokwenda. Kukiwa na weusi wa mawingu huko, badilisha mpango. Maji yaliyokuwa membamba yakianza kuwa na rangi ya kahawa, yakaleta povu na vijiti, au ukasikia mngurumo usioisha kama radi inavyoisha, panda ukingo ulio karibu nawe mara moja. Usikimbie kuelekea chini. Huwezi kushindana nayo. Ukikuta korongo limejaa wakati wa kurudi, keti usubiri. Mengi hupungua baada ya saa chache. Maji yaendayo kasi yakifika magotini yanatosha kumwangusha mtu mzima, na gari dogo halihitaji maji mengi kuchukuliwa.

Radi nayo ina adabu yake. Ukiisikia, shuka kutoka mgongo wa kilima, na uache kishawishi cha kujibanza chini ya mgunga uliosimama peke yake. Ndani ya gari lililofungwa vioo ndiko salama zaidi.

Miiba ni suala la mbinu. Miiba iliyonyooka ya mgunga itakuchoma na basi. Ya kikwata ni midogo, imepinda kwa nyuma, na kadiri unavyovuta mbele ndivyo inavyozidi kukushika. Ukinaswa, rudi nyuma hatua moja, ujinasue tawi kwa tawi. Vaa suruali ndefu ya kitambaa kigumu, siyo ile ya mazoezi inayobana, kwa maana hiyo itarudi nyumbani imekuwa nyavu. Suruali ndefu iliyoingizwa ndani ya soksi inasaidia pia dhidi ya kupe, ambao mvua huwaamsha pamoja na kila kiumbe kingine.

Viumbe hivyo vingine ni nusu ya raha. Asubuhi ya kwanza baada ya mvua hutoka vidudu vyekundu vya mahameli vikitembea mchangani bila haraka, majongoo marefu kuliko kiganja, na kumbikumbi wakipaa kutoka vichuguuni huku ndege wa kila aina wakiwala angani. Chura aliyelala ardhini miezi huanza kelele kwenye dimbwi la jana. Nyoka nao hutembea. Wa kumwangalia zaidi ni bafe, ambaye wengine humwita moma au kifutu: mnene, mzito, na tabia yake ni kutulia kwenye njia badala ya kukimbia, akitumaini hutamwona. Tazama unapoweka mguu kabla ya kuuweka, usiingize mkono chini ya jiwe kwa ajili ya picha, na ukiruka gogo, lipande kwanza uone ng'ambo. Mtu akiumwa, mtulize, mvue pete na viatu, kiungo kilichoumwa kisitikisike, na apelekwe hospitali. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kuzuia damu.

Tafuta mwongozaji wa hapo hapo. Olorgesailie, ambako Makumbusho ya Taifa ya Kenya hutunza yale mashoka ya mawe ya kale yaliyochimbuliwa na Louis na Mary Leakey tangu miaka ya 1940, utampata kijana wa kukuzungusha, na usiku unaweza kulala kwenye banda au hema. Mkomazi utatembea na askari wa hifadhi, wala hakuna hiari juu ya hilo. Sehemu kubwa ya nchi hii, hata hivyo, ni ardhi ya watu: ranchi za pamoja, na siku hizi viwanja vilivyogawanywa na kuzungushiwa seng'enge. Piga hodi. Ukikutana na mzee na mifugo yake, simama umwamkie kabla ya kutoa simu mfukoni, umweleze unatoka wapi na unatafuta nini. Atashangaa kwamba umefunga safari kwa ajili ya maua, kisha atakuonyesha yalipo. Wachungaji huijua mimea hii kwa kazi zake: huu mbuzi hunenepea, ule huharisha ndama, mzizi wa ule pale huchemshwa na supu. Umsikilize, lakini usiende kujitibu kwa ulichosikia. Na umlipe mwongozaji vizuri, bila kupigania shilingi mia na mtu aliyekutembeza asubuhi nzima.

Kuchuma, hapana. Ua la nyika likichumwa hunyauka kabla hujafika lami, na kila kitunguu kilichong'olewa kilichukua miaka kufikia kuchanua. Liko pia suala la sumu. Gloriosa, ule mtambaazi wa maua mekundu yenye kingo za manjano yaliyopinda kwenda juu, una sumu kali kila sehemu, hasa kiazi chake. Waridi la jangwani, lenye shina nene na maua ya waridi, utomvu wake ulitumiwa na wawindaji kupaka mishale. Ukiipenda mimea hii, nunua miche kwa muuza miche anayeotesha mwenyewe, na umwulize waziwazi ameitoa wapi, maana iko inayochimbwa porini usiku.

Mzigo usiwe mkubwa. Maji lita tatu kwa mtu, kwa sababu ukungu wa asubuhi utakudanganya na ifikapo saa tano jua la bonde litakuwa kali kweli. Yabebe kwenye chupa ya kudumu: tangu Juni 2020 Kenya imepiga marufuku plastiki za kutumia mara moja katika hifadhi, na mlangoni watakunyang'anya chupa za dukani. Mifuko ya plastiki nayo ilikatazwa nchini Kenya 2017 na Tanzania 2019, basi simu iweke kwenye kopo la bati lenye kifuniko. Chapati, mayai ya kuchemsha, karanga, chai ya tangawizi kwenye chupa. Koti jepesi la mvua, kofia pana, soksi za kubadilisha, na leso au kanga moja kuukuu ya kulalia unapopiga picha, kwa maana picha nzuri ya ua fupi hupigwa kifudifudi.

Ukiwa hapo chini, usihangaike na jua. Wingu ndilo rafiki wa rangi; jua kali huipausha buluu na kuichoma nyeupe. Mwenzako asimame aweke kivuli. Piga ua, kisha piga jani, shina na udongo mahali lilipo, kwa sababu mtu atakayekusaidia kulitambua atakuuliza hayo yote. Kitabu cha Michael Blundell juu ya maua pori ya Afrika Mashariki, kilichotoka 1987, bado kinafaa ukikipata, na kwa miti na vichaka kuna cha Najma Dharani. Programu ya iNaturalist itakubashiria jina kwa picha, lakini ikipendekeza mmea wa Amerika Kusini, tumia akili yako.

Mkifika nyumbani, viatu viosheni nje, tena vizuri: tope la udongo mweusi hubeba mbegu, na magugu ya mjini hayana haja ya usafiri wa bure kwenda hifadhini safari ijayo. Kisha vueni nguo zote mkaguane, nyuma ya magoti, kiunoni, kwapani, nyuma ya masikio, na kwenye nywele za watoto. Ukimkuta kupe, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu moja kwa moja bila kumzungusha. Usimpake mafuta ya taa wala usimchome kwa kiberiti. Osha mahali hapo kwa sabuni, andika tarehe, na homa au upele ukitokea katika wiki mbili zinazofuata, nenda kwa daktari ukamweleze kwamba ulikuwa nyikani.